Kasha la kompyuta la kujiundia linapochemka Tanga: dalili, chanzo na pa kuanzia

Makasha mengi ninayoletewa hapa Ngamiani huja kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na nyumba ya bati haina dari. Vijana wameyaunda wenyewe: plaiwudi, mabaki ya alumini kutoka kwa mafundi madirisha, mara moja hata debe la mafuta ya kupikia lililokatwa vizuri kabisa. Anayeleta huwa na neno moja: "Kaka, inachemka." Ndani ya neno hilo kuna matatizo mengi, na dawa ya moja haitibu jingine. Nimeona mtu akiongeza feni ya tano kwenye kasha ambalo kosa lake lilikuwa kijinailoni kilichosahauliwa chini ya hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa. Hapa nimepanga mambo kwa namna ninavyopekua mwenyewe: dalili, kipimo kidogo cha kuthibitisha, chanzo, halafu kazi ya mikono.

## Kabla ya yote, pima chumba

Miongozo mingi ya kupoza kompyuta imeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Ukisoma humo kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, isizidi 75, halafu yako ikasoma 87, utahangaika bure. Hewa inayoingia kwenye kasha lako mwezi wa pili saa nane mchana inaweza kuwa nyuzi 33, na hakuna feni itakayopoza kitu kuliko hewa inayoivuta.

Kwa hiyo andika namba mbili. Ya kwanza ni joto la chumba, kipimajoto kikiwa sentimita chache mbele ya tundu ambalo kasha linavutia hewa, siyo ukutani. Ya pili ni joto la prosesa baada ya dakika 20 za kazi nzito. Programu ya HWiNFO inakusomea kwenye Windows, lm-sensors kwenye Linux. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti hiyo ndiyo inayolipima kasha lako. Prosesa ikiwa 88 na chumba 33, tofauti ni 55. Panda na mashine hiyohiyo Lushoto, uiwashe asubuhi chumba kikiwa nyuzi 18: itasoma karibu 73 na utadhani imepona. Tofauti bado ni 55.

Kwa hitisinki ya kawaida ya feni moja, mimi huridhika na tofauti ya 40 hadi 50 kazi ikiwa nzito. Kumbuka pia ukomo wa prosesa yenyewe: nyingi za Intel za mezani hujipunguza kasi zikifika 100, na nyingi za Ryzen zikifika 90 au 95. Ukijumlisha 33 za chumba na tofauti ya 60, unapata 93: umeshaikaribia dari, na kwa baadhi ya Ryzen umeshaigonga.

Kipimo cha pili hakigharimu kitu. Fungua ubavu wa kasha, acha kazi iendelee dakika 10, soma tena. Joto likishuka nyuzi 7 au zaidi, kosa liko kwenye kasha. Lisiposhuka, au likishuka moja au mbili tu, liache kasha kwanza; kosa liko kati ya prosesa na hitisinki. Usikate bati wala kununua feni kabla hujapata jibu hili.

## Ubavu ukiwa wazi, joto linashuka

Hapa ndipo wengi walipo, na chanzo karibu kila mara ni kwamba hewa haina njia.

Kijana mmoja wa Makorora anayehariri video za harusi alileta kasha la alumini zuri ajabu. Mbele alikuwa ametoboa matundu 60 kwa drili ya milimita 5, ameyapanga kama nakshi za mlango. Tofauti ilikuwa 61. Ubavu ukiwa wazi, 46. Tukapiga hesabu sakafuni kwa chaki. Tundu la milimita 5 lina eneo la milimita za mraba 20 hivi, kwa hiyo matundu 60 ni kama sentimita za mraba 12. Feni ya milimita 120 iliyokuwa nyuma yake ina mduara wa sentimita za mraba 113. Feni nzima ilikuwa inapumulia sehemu moja ya kumi ya mdomo wake.

Dawa ni kukata mduara wote. Kwa alumini au bati tumia jigso yenye meno madogo, na bandika utepe wa karatasi juu ya mstari ili rangi isibanduke. Toboa mashimo manne ya skrubu kwanza, mduara baadaye, kwa sababu bati likishakatwa katikati huanza kucheza na drili huhama. Kutoka katikati ya shimo la skrubu hadi katikati ya jirani yake, feni ya 120 hupimwa milimita 105, ya 140 ni 124.5, ya 80 ni 71.5. Kama unaipenda nakshi yako, ibakize, lakini jumla ya matundu isipungue mduara wa feni.

Chanzo cha pili ni wavu wa mbu. Tunauweka kwa nia njema, kuzuia vumbi na mijusi. Siku moja nilikwenda kuomba vipande kwa fundi alumini mtu mzima, akataka kujua ni vya kazi gani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wavu mdogo hivi wa nini?"

"Wa feni ya kompyuta, mzee. Uzuie vumbi."

"Basi utazuia na upepo. Mimi dirisha la wavu nalifanya kubwa kuliko lisilo na wavu, la sivyo mwenye nyumba anarudi kunigombeza."

Tangu siku hiyo sibandiki tena wavu juu ya mdomo wa feni. Natengeneza fremu ndogo ya alumini yenye eneo mara mbili ya mduara wa feni, naiweka sentimita 3 au 4 mbele yake, na inachomoka kwa mkono ili ioshwe kila wiki mbili. Wavu uleule uliokuwa ukiiba nyuzi 6 sasa unaiba moja.

Chanzo cha tatu hakionekani kwa macho: hewa moto inatoka, inazunguka, inaingia tena. Kukigundua, tumia chetezo. Zima feni ya chumba, funga dirisha, tia ubani kidogo kwenye kaa, kisha pitisha chetezo polepole kuzunguka kasha likiwa kazini. Moshi wa ubani ni mweupe na mzito, unaonyesha kila kitu. Mbele unapaswa kunyooka na kuingia wote. Nyuma unapaswa kusukumwa mbali. Ukiuona karibu na feni ya nyuma ukijikunja na kupenya kwenye upenyo wa kando, hapo ndipo hewa moto inaporudi. Ziba kwa silikoni au kipande cha sponji. Moshi ukisimama mbele ya feni ya mbele bila kuingia, feni umeigeuza. Upande wenye vikono vinavyoshika mota ndio hewa inapotokea. Usiufukize muda mrefu, maana utomvu wa ubani hunata kwenye mapezi ya hitisinki. Dakika moja inatosha.

Kasha lililosukumwa ndani ya kabati la televisheni, au lililogeuziwa mgongo ukutani, lina ugonjwa huohuo. Vuta mbele sentimita 15 upime upya.

Kuna hesabu moja inayofaa kuikariri. Mita za ujazo 100 za hewa kwa saa, zikibeba wati 300, hupanda joto kwa nyuzi 9 hadi 10. Weka kipimajoto mahali hewa inapotokea. Kama mashine inakula wati 300 na hewa inatoka ikiwa na nyuzi 25 zaidi ya ile inayoingia, basi ndani zinapita mita za ujazo 40 hata hazifiki. Feni zako zinaweza kuwa nzima kabisa. Njia ndiyo iliyobana.

Kabla ya kukata tundu jipya, unda njia ya hewa kwa boksi la kartoni na utepe, kutoka feni ya mbele moja kwa moja hadi kwenye hitisinki, uone inaleta nini. Kartoni ni bure, na mara mbili imenizuia kuharibu bati zuri. Jaribu pia kupima joto la chumba kwa kimo. Chini ya bati lisilo na dari, nimewahi kusoma nyuzi 35 juu ya kabati na 30 karibu na sakafu ya saruji, chumba hichohicho, saa hiyohiyo. Kuteremsha kasha kulileta nyuzi 5 bila feni yoyote. Liinue tu sentimita 15, maana sakafu hupigwa deki.

Halafu punguza wati. Ukishusha volti za prosesa kutoka 1.30 hadi 1.20 kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na mashine ikabaki imara, nguvu inayoliwa kazini hupungua kama asilimia 15, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Hakuna kipande cha alumini kitakachokupa hivyo kwa bei hiyo.

## Ubavu wazi, joto palepale

Fungua hitisinki na utazame pesti, ile dawa laini inayopakwa kati yake na prosesa ili joto lipite. Alama yake inakwambia yote: ikiwa nyembamba katikati na imeenea sawasawa, mgandamizo ni mzuri. Ikiwa nene upande mmoja na upande wa pili haipo, skrubu zilikazwa ovyo. Kaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, hadi zote zishike. Kwenye makasha ya kujiundia kuna kosa la ziada: sahani ya kubebea mazabodi (ubao mkuu wenye prosesa) imepinda, mazabodi nayo inajipinda, na hitisinki nzito inakaa upande. Weka rula juu ya sahani kabla ya kufunga.

Pesti iliyokauka ifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, iwekwe mpya kiasi cha punje ya choroko. Usiweke dawa ya meno badala yake: ina maji. Yakishakauka inabaki chokaa. Angalia pia kile kijinailoni cha chini ya hitisinki mpya.

## Inazima ghafla bila kupunguza kasi

Joto la prosesa lina adabu: kwanza mashine inapunguza kasi, video inakwamakwama, ndipo inazima. Ikizima kama iliyochomolewa, ilhali joto lilikuwa 60, tafuta kwingine. Kwenye kumbukumbu za Windows utaona Kernel-Power namba 41. Isikupoteze: inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, haisemi kwa nini.

Tazama pawasaplai, kile kisanduku kinachoupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Kwenye makasha ya mbao wengi huigeuzia feni yake kwenye ubao, haina pa kuvutia. Itobolee tundu lake lenyewe. Kisha tazama vinguzo vilivyobeba mazabodi. Vinatakiwa kuinua ubao milimita 6 na zaidi juu ya bati, na kila kimoja kikae chini ya tundu lake. Kinguzo kimoja cha ziada kikigusa njia za umeme mgongoni, unapata shoti inayokuja na kuondoka kadiri bati linavyopanuka kwa joto. Nililipekua kasha la namna hiyo siku mbili nzima kabla sijaona alama ndogo nyeusi nyuma ya mazabodi, saizi ya kichwa cha kiberiti.

Na ichungulie pawasaplai kwa macho tu, kupitia wavu wake, kwa tochi. Mjusi kafiri hupenda joto lake usiku. Akilala juu ya njia za volti 230, yeye anakufa na pawasaplai inakufa. Tundu lolote linalopitisha kidole linampitisha yeye pia. Usifungue kifuniko chake. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

## Ukigusa kasha, umeme unakutekenya

Hili watu hulichukulia kawaida, nami silichukulii kawaida hata kidogo. Pale umeme unapoingilia, pawasaplai ina kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na bodi ya chuma. Waya wa ethi ukiwepo, mkondo huo mdogo unakwenda ardhini. Usipokuwepo, chuma kinabaki na karibu nusu ya volti 230. Ukipima kwa mita kati ya kasha na ardhi utasoma kama 115. Mkondo wenyewe ni hafifu, unatekenya tu, lakini unaua milango ya HDMI na USB unapochomeka kebo mashine zikiwa zimewaka. Na siku pawasaplai ikiharibika ndani, hakuna kitu cha kukulinda.

Vyanzo vya hapa kwetu navijua: nyumba ya zamani yenye soketi ambazo hazikuvutiwa ethi, ekstensheni ya nyaya mbili, plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwa kalamu kwenye tundu la juu. Mwite fundi umeme apige fimbo ya ethi ardhini na aivute hadi kwenye soketi. Asikuunganishie ethi na nyutro kwenye soketi. Nyutro ikikatika, kasha zima linakuwa na volti 230.

Kwenye kasha lenyewe, hakikisha kila kipande cha chuma kimeungana na bodi ya pawasaplai. Rangi haipitishi umeme, wala alumini ya madirisha iliyotiwa rangi kiwandani. Kwangua chini ya skrubu hadi chuma king'ae, kisha upime kwa mita: isome karibu sifuri omu.

## Asubuhi haiwaki, mchana inawaka

Hii ni dalili ya pwani. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na hapa kwetu asubuhi nyingi unyevu uko juu ya hapo. Vumbi lenye chumvi lililotulia juu ya mazabodi linageuka utando wa maji ya chumvi usiku, linakauka mchana. Chomoa RAM, vile vipande vya kumbukumbu vilivyosimama kwenye mazabodi, tazama meno yake: ukungu wa kijani au weusi. Sugua kwa ufutio wa penseli, maliza kwa spiriti. Kwa wanaokaa Raskazone au Sahare, karibu kabisa na maji, nashauri feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, ili hewa ipitie kwenye wavu peke yake badala ya kupenya kila ufa. Mashine inayowashwa kila siku hukaa kavu kuliko inayolala wiki nzima.

Alumini ikishikwa na skrubu ya chuma huanza kutoa unga mweupe pale zinapokutana. Tia washa ya plastiki na mguso wa grisi. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, achana nayo kabisa. Masika moja tu huivimbisha pembeni. Plaiwudi inafaa ukipaka vanishi hadi kwenye kingo. Mtiki, ule unaotoka shamba la Longuza kule Muheza, ndio mbao ninayoipenda, ila ujue mbao haipitishi joto. Kasha la mbao linategemea hewa peke yake, kwa hiyo matundu yawe makubwa zaidi.

## Majaribio yaliyokwenda kombo

Kigae cha Peltier, kile chenye maandishi 12706 ambacho kikipewa umeme hupoa upande mmoja na kuchemka upande wa pili, kinaganda barafu mkononi na kinavutia kweli. Ukikiweka kwenye prosesa, maji yanatiririka. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Halafu chenyewe kinaweza kula wati 50 na zaidi, na zote zinatoka upande wa moto juu ya joto la prosesa. Hitisinki sasa ina kazi maradufu.

Feni ya maji, ile ya kulowesha kitambaa, inafaa Dodoma. Hapa, kwa hewa hiyohiyo niliyotaja, haiwezi kushusha zaidi ya nyuzi 3, na inakujazia chumba unyevu.

Kupoza kwa rejeta ndogo ya gari na pampu ni jaribio linalostahili jasho lako. Kosa lake kubwa ni kuchanganya metali: kizibo cha shaba juu ya prosesa, rejeta ya alumini, maji matupu ndani. Baada ya wiki kadhaa maji yanakuwa kijivu, vipande vyeupe vinaziba mifereji, joto linapanda taratibu. Tafuta rejeta ya shaba, au tumia kulanti ya gari yenye dawa ya kuzuia kutu. Pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote, maana hewa hukusanyika huko na pampu inazunguka kavu, utaisikia inakereza. Iendeshe saa 24 kompyuta ikiwa imezimwa, karatasi ya chooni chini ya kila kiungo. Doa moja la maji, kaza upya, anza saa 24 nyingine.

Na kuna wanaouliza juu ya kuzamisha mazabodi kwenye mafuta ya nazi, kwa kuwa nazi tunazo. Mafuta ya nazi huganda yakishuka nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya Julai, kusi ikivuma, utakuta sabuni. Yakikaa kwenye joto yanachacha, na diski ya sahani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, ikizamishwa inaharibika. Mafuta ya transfoma usiyaguse hata ukipewa bure. Ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Kijana aliyekuja na wazo hilo, na chupa tayari mkononi, tulikata naye tundu la pili la milimita 140 chini ya kasha lake, tukaliinua kwa vipande vinne vya mpira wa tairi. Tofauti ilitoka 57 ikawa 44, na chupa tukairudisha ilikotoka.